Hajambo Tangu Lini?

Jumanne, 24 Machi. Dunda, Bagamoyo

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha leo asubuhi, nasi tumeanza kazi. Humu nitaandika yale ambayo ripoti ya utafiti haina nafasi nayo. Ripoti itasema "mtafiti mkuu". Humu nitasema mimi, Hanadi binti Sultan, muuguzi kwa kazi na mwalimu wa wauguzi kwa cheo.

Jambo lenyewe ni hili. Masika yaliyopita, ng'ambo ya mto Ruvu, mwanamke mmoja alijifungua salama, akaruhusiwa kurudi nyumbani, akafa kabla ya kutimiza arobaini yake. Kumbukumbu za hospitali zinamwacha mlangoni akiwa na hali nzuri. Yaliyotokea kati ya mlango ule na kaburi hayajulikani. Utafiti wetu unaingia katika pengo hilo: tunawafuata akina mama majumbani, tunauliza afya ya mama, ya mtoto, na hali ya familia nzima, tangu siku wanayorudi hadi watakapotoka arobaini. Katika pendekezo la utafiti malengo yamejaza ukurasa. Langu ni moja. Masika haya asife hata mmoja katika nyumba tunazozitembelea.

Tuko watatu. Maulida ni muuguzi mkunga, mzaliwa wa mtaa huu huu. Mikdad amehudumu miaka mingi katika wodi ya dharura Dar es Salaam, na mikono yake ni mitulivu kuliko maneno yake. Nimefikia katika nyumba ya baba, juu ya lililokuwa duka letu la vitambaa; wazazi wangu sasa wanaishi Dar kwa kaka yangu Muataz.

Dodoso nililitafsiri mwenyewe kutoka katika kipimo kinachotumika nchi nyingi. Nimewaagiza wenzangu: swali lisomwe kama lilivyoandikwa, bila kupamba.

Alhamisi, 26 Machi

Nimeandika hapo juu "wazazi wangu". Leo nimekumbushwa kwamba neno hilo lina maana nyingine hapa.

Swali la kumi na mbili linauliza: "Je, wazazi wote wawili wanashiriki katika malezi ya mtoto?" Maulida alimsomea bibi mmoja wa Makurunge, ng'ambo ya mto, neno kwa neno, kama nilivyoamuru. Bibi akamtazama, akaita jirani aje asikie.

"Wazazi wawili? Mwenzangu, humu kazaa mmoja tu. Bi mkubwa, mke mwenzake, mimba yake bado changa. Nani kakuletea habari kwamba naye kajifungua?"

Mzazi kwa kauli ya huku ni mwanamke aliyetoka kujifungua. Hata wodi yake huitwa wodi ya wazazi. Mimi nililijua hilo kabla sijajua kusoma, kisha nikaketi mezani nikaandika kama mtu asiyelijua. Tumesahihisha: "baba na mama wa mtoto". Maulida alijizuia asicheke hadi tulipofika barabarani, na hapo akashindwa.

Jumatatu, 30 Machi

Mvua kutwa. Nyumba nne, zote za Dunda, zote kwa miguu.

Alhamisi, 2 Aprili

Ng'ambo ya mto Mikdad anaitwa Dokta. Mimi, mwenye shahada ya uzamivu, naitwa sista. Nilimweleza mwenye nyumba mmoja kwa upole kwamba sisi sote ni wauguzi.

"Hata huyu mwanamume?"

"Hata huyu."

"Basi akae barazani, uji wake utamfuata huko huko. Chumbani kwa mzazi haingii, awe nesi awe waziri."

Mikdad alikaa barazani, akanywa uji wa pilipili manga uliopikwa kwa ajili ya mzazi, akauliza kama upo wa pili. Huku barazani anauliza maswali ya familia, nasi wanawake tunaingia ndani na kipimo cha presha. Utaratibu huu haumo katika mwongozo, na unafanya kazi. Kasoro yake ni kwamba akienda peke yake hupata neno la mlangoni tu.

Jumatano, 8 Aprili

Nimejumlisha majibu ya mwanzo. Kwa swali "Hali ya afya ya mama ikoje tangu alipojifungua?", karibu familia zote zimejibu neno moja: hajambo. Kwa mujibu wa mwongozo wangu, hajambo huwekwa katika fungu la afya njema.

Nilimtumia msimamizi wangu, Profesa Yousuf, jedwali. Akanipigia kwa furaha. "Hongera. Inaelekea bwawa lako halina mamba."

Sikufurahi naye. Mwanamke yule wa masika yaliyopita alikufa katika nyumba kama hizi, miongoni mwa watu kama hawa. Jedwali linaloonyesha kwamba kila mtu ni mzima halinipi raha. Linanifanya nitilie shaka chombo kilicholichora. Lakini shaka si ushahidi, nami sikuwa na kingine.

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 13 Aprili

Familia mpya Makurunge. Adila, mkewe Mrisho, kajifungua Ijumaa mtoto wa kiume, wa kwanza, na karudishwa Jumamosi. Mrisho yuko Vigwaza kwa kazi ya ujenzi. Nyumba iko chini ya mama yake, Bi Zuwena. Maulida alikuwa na nyumba za Dunda, mimi nilikuwa na mkutano wa wilaya, hivyo Mikdad alikwenda peke yake. Ameandika: "Hajambo." Kesho kutwa Maulida ataingia ndani kupima.

Jumanne, 14 Aprili

Naandika alasiri, hospitalini, kwenye benchi la nje ya wodi. Nitaandika kwa mpangilio, maana mpangilio ndio unaonisaidia kutulia.

Baada ya sala ya alfajiri mama alinipigia kutoka Dar. Tulisalimiana kwa ukamilifu wake: mimi, mvua, nyumba, paa la nyumba, majirani mmoja mmoja. Kisha akasema:

"Na baba yako hajambo."

Nikauliza papo hapo, "Alikuwa na nini?"

"Kifua kilimbana Ijumaa. Muataz kampeleka hospitali, kapewa dawa. Nani kakwambia aliumwa? Niliwakataza wasikwambie."

"Umeniambia wewe, mama."

"Mimi? Mimi nimesema hajambo."

"Ndiyo. Umesema hajambo."

Nilibaki na simu mkononi baada ya yeye kukata. Mtu akikuuliza, "Baba hajambo?" ukajibu, "Hajambo," hiyo ni salamu, haina uzito. Lakini mtu asiyeulizwa akikuletea neno hilo mwenyewe, anakuletea habari ya mgonjwa. Hajambo ni kusema kwamba alikuwa na jambo, na sasa lina nafuu. Hakuna mtoto wa pwani asiyelisikia hilo. Mimi nimelisikia kwa baba yangu kabla mama hajamaliza pumzi, na kwa wiki tatu nimekuwa nikilipanga katika fungu la afya njema.

Nikampigia Mikdad.

"Jana kwa Bi Zuwena. Ulimuuliza hali ya mzazi ndipo akakujibu, au alikuambia mwenyewe?"

"Dokta, mbona asubuhi yote hii?"

"Nijibu, Mikdad."

"Nilimwamkia tu. Shikamoo, marahaba. Hata sijakaa akaniambia, Adila hajambo. Nikaona basi Adila yuko fiti, nikaandika."

"Washa gari. Mpitie Maulida."

Tuliacha lami tukaingia njia ya shambani, na gari likazama matopeni kabla ya kufika nusu. Tulivua viatu tukaenda kwa miguu, Maulida na kipimo cha presha chini ya buibui, Mikdad na sanduku la dawa begani. Bi Zuwena alikuwa mlangoni, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kanga iliyofungwa kwa ustadi. Nilipomtazama niliona kizuizi. Niandike hivyo kwa kuwa ndivyo nilivyoona.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja na mvua yenu. Adila hajambo."

Ni neno lile lile, na tena bila kuulizwa. Nikaliacha dodoso mkobani.

"Hajambo tangu lini, Bi?"

Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Tangu jana adhuhuri. Juzi kichwa kilimgonga sana, akasema anaona vimetameta ukutani. Nikamfunga kitambaa, nikamkanda. Jana kikapoa. Leo alfajiri kimerudi kidogo, lakini hajambo."

Hakuficha chochote. Alilijibu kikamilifu swali la kwanza la maana ambalo nyumba yake imepata kuulizwa.

Mikdad alibaki barazani, Maulida nami tukaingia. Adila alikuwa ameegemea mto, uso umejaa, mtoto kifuani. Alijaribu kutabasamu.

"Kimepungua, sista. Ila wewe nakuona wawili."

"Basi tumekuja wengi," Maulida akamwambia, huku akimfunga kipimo mkononi.

Mia na sabini kwa mia na kumi na tano. Maulida alipima tena mkono wa pili, akanionyesha. Kifafa cha mimba hakingoji mimba. Humjia mwanamke hata baada ya kujifungua, na huja kwa njia hii hii: kichwa, macho, uvimbe, kisha degedege, kisha kaburi ambalo hakuna anayejua sababu yake. Tulimchoma magnesiamu ya kuzuia degedege, tukampa dawa ya kushusha presha. Ilibaki kumfikisha hospitali, na gari lilikuwa limezama.

Nikatoka nikamwambia Bi Zuwena. Hakupandisha sauti.

"Mzazi hatolewi nje, mwanangu. Na mvua hii? Akipigwa na baridi, nitamwambia nini Mrisho?"

Nilikuwa na hoja za kitaalamu za kutosha kujaza ubao. Nilizitazama zote, nikaona hakuna hata moja inayojibu alichouliza. Aliuliza kuhusu arobaini.

"Bi, simtoi arobaini. Namhamisha chumba. Atakuwa chini ya paa, kitandani, na mtoto wake, na wanawake watupu. Ni chumba tu kilicho mbali."

Alifikiri. Mvua ilikuwa ikigonga bati. Kisha akafungua kanga yake, akaifunga upya kama mtu aanzaye kazi, akawaita wanaume wa jirani.

"Basi chumba kitahama na mwenyewe. Hamidu! Leteni kitanda cha kamba na lile turubai la mahindi. Nanyi wanaume mkibeba, mtazame mbele. Atakayegeuka namjua mamake."

Wanaume wanne walibeba kitanda hadi barabarani. Juu ya Adila kulikuwa na turubai, na chini ya turubai kanga nne, na pembeni Bi Zuwena na Maulida wakilishika lisipepee. Maji moto yalifuata katika chupa ya chai, na uji katika nyingine. Mikdad alikuwa mguu wa mbele kulia. Alikuwa hana viatu, na hakugeuka hata mara moja. Alipoteleza, alipiga goti chini akakiinua kitanda juu ya kichwa chake, na kitanda hakikuinama.

"Dokta wenu ana mgongo," Bi Zuwena akasema.

"Ni nesi, Bi," akajibu Mikdad kutoka mbele, akihema.

"Basi nesi wenu ana mgongo."

Kwenye lami tulipata gari dogo la mizigo. Sasa presha inashuka. Degedege halijaja. Mtoto ananyonya. Muuguzi wa wodi, ambaye nilimfundisha, amemwekea Adila kitanda cha pembeni na kuzungushia pazia, bila mtu kumwelekeza. Nilimwona akimwuliza Bi Zuwena mlango ufungwe upande gani ili upepo usimpige mzazi. Sikumfundisha hilo. Naandika hapa kwamba nilijivuna.

Jumatano, 15 Aprili

Adila ananiona mmoja.

Ijumaa, 17 Aprili

Mvua. Nimempigia baba. "Sijambo," akasema. Nikamuuliza tangu lini. Akacheka hadi akakohoa, akasema tangu jana, ila ngazi bado zinamtisha.

Jumatatu, 20 Aprili

Presha ya Adila imetulia na ataruhusiwa kesho. Nimekaa na Bi Zuwena kwenye benchi lile lile. Nilimwomba radhi kwa kutomwelewa Jumatatu iliyopita. Sikutaka kumtupia Mikdad lawama. Mwongozo aliofuata niliuandika mimi.

"Nilimwambia yule nesi wenu," alisema. "Hajambo, nikamwambia. Nikangoja aniulize alikuwa na nini. Akaandika, akanishukuru, akaondoka. Nikasema, basi, labda kwao Dar ugonjwa hauulizwi."

"Kwa nini hukumwambia tu kwamba anaumwa?"

"Mzazi haumwi, mwanangu. Ukisema mzazi anaumwa, unamwitia maradhi. Mzazi huwa hajambo. Mwenye masikio husikia hajambo ya namna gani."

Nimelifikiria hilo kutwa. Si ujinga na si uficho. Ni adabu yenye kanuni, na kanuni zake ni thabiti kuliko za dodoso langu: asiyeumwa hatajwi, anayeumwa hutajwa kwa nafuu yake, na msikilizaji ana wajibu wa kuuliza zaidi. Familia zote zilitimiza sehemu yao. Sehemu iliyokosekana ilikuwa yetu.

Wiki iliyopita niliona kizuizi mlangoni. Leo namwona mlinzi aliyekuwa akipiga mbiu kwa lugha sahihi.

Jumatano, 22 Aprili

Mabishano na Profesa Yousuf, kwa simu, mvua ikinilazimisha kupaza sauti.

"Hanadi, swali halibadilishwi katikati ya utafiti. Unajua hilo, unalifundisha."

"Silibadilishi. Naongeza la pili baada yake. Familia ikijibu hajambo, tunauliza: hajambo tangu lini?"

"Kipimo hiki kimethibitishwa katika nchi nyingi."

"Hakijathibitishwa Makurunge."

"Majibu ya mwanzo hutaweza kuyalinganisha na ya mwisho."

"Sitayalinganisha. Nitayaripoti kila kundi peke yake, na nitaeleza kwa nini. Hayo nayo ni matokeo."

Alisema niandike maombi kwa kamati ya maadili, na kwamba yeye hatayapinga wala hatayaunga mkono. Nimeyaandika leo leo. Wakati tukingoja jibu, tunarudi katika nyumba zote za mwanzo kama wauguzi na si kama watafiti. Kuuliza hali ya mgonjwa hakuhitaji kibali cha mtu.

Ijumaa, 24 Aprili

Nyumba tano. Maulida hana sauti tena, anauliza kwa kunong'ona.

Jumatano, 29 Aprili

Kamati imekubali.

Jumatano, 6 Mei

Swali linafanya kazi, na linafanya kazi kwa namna ambayo sikuitarajia. Anayeulizwa hajambo tangu lini hawezi kujibu bila kusimulia. Lazima aanzie pale jambo lilipoanza. Leo Maulida amepata Dunda mzazi ambaye hajambo tangu Jumapili, na kabla ya Jumapili alikuwa na homa na titi gumu kama jiwe, jipu limewahiwa. Wiki iliyopita alipata mwingine ambaye hajambo tangu aanze kula tena. Mwili wake ulikuwa mzima. Alikuwa akilia bila sababu, na mumewe akidhani amechukiwa. Mikdad alikaa na mume huyo barazani muda mrefu. Sasa mume anaosha nepi, na majirani wanamtania, naye anawajibu kwamba amwosheaye mwanawe haombi ruhusa.

Sikuwahi kuwa na wasaidizi bora kuliko hawa, na nimewaambia hivyo. Maulida alisema, "Alhamdulillah." Mikdad aliuliza kama sifa hiyo inakuja na viatu vipya.

Jumatatu, 11 Mei

Mvua nyepesi. Ujumbe kutoka kwa Profesa Yousuf, ambaye kwao ni Unguja: "Dada yangu amenipigia. Amesema shemeji hajambo. Niko bandarini nasubiri boti. Endelea na swali lako."

Ijumaa, 15 Mei

Shemeji wa Profesa hajambo tangu jana. Nimeuliza.

Jumatano, 20 Mei. Makurunge

Leo Adila ametimiza arobaini. Njia ya shambani imekauka vya kutosha kupitisha gari hadi mlangoni, lakini Mikdad aliliacha pale pale lilipozama, akasema analiheshimu.

Mtoto amenyolewa, amepakwa mafuta, amelala katikati ya kelele zote. Mrisho karudi kutoka Vigwaza na anamwonyesha kila mgeni kichwa cha mwanawe kana kwamba amekichonga mwenyewe. Adila alitoka chumbani akiwa na hina hadi viwikoni, akasimama uani, juani, wanawake wakampigia vigelegele. Nilimpima presha mwenyewe kabla hajatoka. Ilikuwa ya msichana.

Tathmini ya wilaya itafanyika mwezi ujao, na nitapeleka takwimu zangu zikiwa zimepangwa vizuri. Lakini takwimu ninayoijali naijua tayari: mvua zinaisha, na katika nyumba zote tulizozitembelea hakufa mzazi hata mmoja. Sikuwahi kuandika sentensi ninayojivunia kuliko hiyo, nami nimeandika nyingi.

Uani nilisikia jambo moja zaidi. Jirani alikuja kumwambia Bi Zuwena kwamba mkaza mwanawe, aliyejifungua wiki iliyopita, hajambo. Bi Zuwena aliweka chini sinia la pilau.

"Hajambo tangu lini?" akauliza. Jirani alipoanza kusimulia, Bi Zuwena akamshika mkono, akamleta kwa Maulida. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo.

Tulipokuwa tunaaga, alinisindikiza hadi ukingo wa kiwanja. Kwa siku mbili nilikuwa na homa. Sikumwambia mtu, na asubuhi ilikuwa imeniacha. Alinitazama kama alivyonitazama siku ile ya mvua.

"Nawe hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, Bi."

Akangoja. Kisha akauliza:

"Tangu lini?"

Nikamjibu kwa usahihi unaolistahili swali hilo: tangu leo asubuhi. Akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani, akanitokea na chupa ya uji wa pilipili manga.